Maneno Yenyewe Yalikuwa Yapi

Mteja wangu alikuwa mpishi wa shughuli. Kisarawe mtu akipata harusi, hitima au maulidi, wa kwanza kutafutwa alikuwa yeye, kabla ya turubai na viti. Alikuwa na masufuria saba makubwa na miiko mirefu kama mipini ya majembe, na kazi hiyo alikuwa ameifanya zaidi ya miaka ishirini. Siku alipokuja ofisini kwangu Kibaha, miezi minne ilikuwa imepita bila mtu yeyote kumwita.

Alivua kandambili mlangoni. Nilimwambia aingie nazo tu, akajifanya hakusikia. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayeweza kuambiwa aondoke wakati wowote. Alifuatana na mwanamke wa makamo, mwenzake wa jikoni, ambaye walikuwa wakipika pamoja tangu watoto wao wanabebwa mgongoni. Nilipouliza kwa nini wamekuja mpaka Kibaha, mteja wangu alisema kwao kila mtu ameshasikia, naye alitaka mtu ambaye hajasikia.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Msikiti wa mtaani kwao ulikuwa na maulidi, na yeye akapewa kazi ya kupika pilau. Ng'ombe alinunuliwa Dutumi kwa wafugaji, akaletwa kwa gari. Gari lilipofika asubuhi, ng'ombe alikuwa amelala chini kwa uchovu wa safari, na waliokuwa wakipita barabarani walimwona amelala vile. Wiki moja baadaye, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa pale mtaani alijirekodi sauti, akaituma kwenye kundi lao la wasapu. Tangu siku hiyo likaenea neno moja, kibudu. Kwamba ng'ombe alifika ameshakufa, kwamba mpishi alijua na akampika, na waumini wakalishwa mzoga siku ya kumsifu Mtume.

Mimi ni Mkristo. Wazazi wangu walitoka kaskazini wakahamia Kongowe, hapa hapa Kibaha, kabla sijazaliwa, na neno kibudu nililijua kama ninavyojua maneno mengine ya kamusi. Uzito wake sikuujua. Nilimwuliza mteja wangu kama kuna mtu aliyeumwa tumbo baada ya kula. Akanitazama kidogo.

"Mwanangu, bora wangeumwa tumbo," alisema. "Tumbo linapona."

Mwenzake akatoa simu, akaifungua ile sauti. Feni ya ofisi ilikuwa inakwaruza, nikaizima ili nisikie vizuri. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtulivu, anayeongea taratibu, bila hasira. Haikufika dakika mbili. Tuliisikiliza mara mbili, na mara ya pili mteja wangu alijifunika uso kwa ncha ya khanga. Nikaandika kwenye daftari langu maneno matatu: kibudu, mwenyekiti, wasapu. Daftari hilo ninalo mpaka leo. Ukurasa mzima uko mtupu, una maneno matatu tu juu.

Nikamwomba yule mwenzake anitumie ile sauti. Akajaribu, akasema bando limekwisha, atanitumia jioni akifika nyumbani. Ofisini kwangu kulikuwa na intaneti. Ningeweza kumwingiza kwenye intaneti yetu kwa sekunde chache, nikaipata sauti, nikaihifadhi mahali pawili, kisha nikamwandalia kiapo cha kueleza simu ni ya nani na sauti ilifikaje humo, maana mahakama haipokei kitu cha kwenye simu bila maelezo ya namna hiyo. Hayo yote niliyajua tangu chuoni. Lakini nje kulikuwa na mteja mwingine anasubiri, ana mgogoro wa kiwanja, na mimi kichwani nilikuwa nimeshaanza kumfikiria ng'ombe.

Baba yangu alifuga ng'ombe wa maziwa pale Kongowe, watatu au wanne, ndani ya banda nyuma ya nyumba. Nimekata majani tangu niko darasa la pili. Nimeona ng'ombe aliyechoka, nimeona ng'ombe anayekufa, na ninajua mtu asiyefuga anavyoweza kuwachanganya. Niliposikia habari ya ng'ombe aliyelala kwenye gari, niliona shauri lote linasimama hapo. Nikithibitisha kwamba alikuwa mzima, nimemaliza. Nilikuwa na hasira pia, hasira ya kumwona mtu mzima anajifunika uso mbele yangu, na hasira ile ilitaka pa kwenda. Ikanipeleka Dutumi.

Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza mfugaji alikuwa amehama na mifugo kufuata malisho. Mara ya pili mvua ilikuwa imenyesha, gari langu dogo likazama kwenye tope mpaka nikavutwa na trekta, nikarudi Kibaha na viatu mkononi. Mara ya tatu nilimkuta. Alikuwa mzee mrefu mwenye meno machache, na alimkumbuka yule ng'ombe kama unavyomkumbuka jirani aliyehama: dume jekundu, baka jeupe begani, pembe ya kushoto imepinda, sikio limekatwa alama ya ukoo wake. Nilipata kibali cha kusafirisha mifugo chenye mhuri. Nilimpata dereva wa gari. Nilimpata mzee aliyechinja, akanieleza kwamba ng'ombe alishuka, akasimama kwa miguu yake, akatembea mpaka kwenye shimo la kuchinjia, na damu ilitoka kama inavyotakiwa. Kila nilichopata nilikiweka kwenye jalada, jalada likanenepa, na mimi nikawa nalitazama na kuridhika.

Ile sauti haikutumwa. Wiki ya kwanza nilimkumbusha yule mwenzake kwa simu, akasema atatuma. Wiki ya pili nilikuwa Dutumi.

Hati ya madai niliiandika kwa kumbukumbu. Niliandika kwamba mdaiwa alisema mdai aliwalisha waumini kibudu akijua. Nikaiwasilisha mahakamani Kisarawe na kuamini kwamba sauti itakuja wakati wowote, kwa kuwa ipo, na kitu kilichopo kinaweza kuletwa.

Mwenyekiti alijibu kupitia wakili wa Dar es Salaam. Jibu lilikuwa fupi. Hakusema maneno hayo, na kama aliyasema, mdai ayathibitishe. Ndipo nilipompigia simu yule mwenzake kwa haraka. Siku mbili hakupatikana. Siku ya tatu alinipigia yeye, kwa namba nisiyoijua. Alikuwa amehamia Kwala, anapika kwenye kibanda cha chakula karibu na viwanda, kwa sababu kazi za shughuli zilikuwa zimekufa kwake pia. Simu yake ilitumbukia kwenye beseni la kuoshea vyombo. Fundi wa Mlandizi aliifungua, akaianika, akashindwa. Amenunua nyingine. Namba za watu zilirudi, sauti hazikurudi.

Aliniomba radhi mara nyingi mpaka nikamwambia anyamaze. Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi, na mimi ndiye niliyemwacha atoke ofisini na ushahidi wangu mkobani.

Nikaenda Kisarawe kuwatafuta akina mama wengine. Kundi lile lilikuwa na wanawake zaidi ya thelathini. Nilipita nyumba kwa nyumba. Mteja wangu alinionyesha kila mlango, kisha akasimama mbali, kwa sababu alisema wakimwona watajifungia. Nilikaribishwa kila mahali. Nilipewa maji, chai, mihogo ya kuchemsha, machungwa yaliyomenywa. Na wote walisikia. Hakuna aliyenificha hilo. Mmoja alisema sauti alishaifuta maana simu ilijaa. Mwingine alisema anayo, akaitafuta mbele yangu kwa muda mrefu, kisha akasema haioni, akaiweka simu chini ya mkeka. Wa tatu alinieleza wazi, na kwa hilo ninamheshimu.

"Wakili, kesi ikiisha wewe unarudi Kibaha," alisema. "Mimi nikifiwa, ni yule mwenyekiti atakayekuja kukaa nami matanga."

Ningeweza kuomba mahakama iwaite kwa lazima. Lakini shahidi aliyeburutwa hufika kizimbani hakumbuki kitu; nimeliona hilo mara nyingi. Na mteja wangu alinisihi nisiwafanyie hivyo jirani zake. Nilishangaa kwamba bado aliwaita jirani zake.

Ofisini tunashirikiana vyumba na wakili mmoja mzee, aliyeanza kazi kabla mimi sijaanza shule. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja, kama mimi mwenyewe niliisikia ile sauti. Nikasema ndiyo, mara mbili. Akasema basi kuna njia. Nijitoe kwenye shauri, yeye alichukue, na mimi nipande kizimbani kama shahidi wa kawaida. Wakili hawezi kuwa yote mawili, lakini anaweza kuchagua moja.

Nilisema nitafikiri. Nilifikiri siku nne. Ukweli ni kwamba sikutaka kuliacha shauri lile. Lilikuwa langu, nilikuwa nimezama kwenye tope kwa ajili yake, na nilitaka kulishinda mimi. Tena niliona aibu. Nilijiona nimesimama kizimbani, wakili mwenzangu ananiuliza mbele ya watu kwa nini sikuihifadhi sauti niliyoletewa mpaka mezani.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo sikumwambia mzee. Siku ya nne nilichukua karatasi nikajaribu kuandika nilichokisikia, neno kwa neno, kama ambavyo shahidi angetakiwa kukisema. Nilikumbuka salamu ndefu na dua ya mwanzo. Nilikumbuka "sote tulimwona". Nilikumbuka kitu kama kujiuliza. Neno kibudu nilikuwa nimeliandika kwenye daftari, tena likiwa la kwanza. Lakini je, nililisikia kwenye simu, au nililisikia kwa mteja wangu, aliyekuwa amelitaja mara kumi kabla simu haijafunguliwa? Nilikaa na ile karatasi mpaka mchana. Sikujua. Nilikuwa nimemshitaki mtu kwa neno ambalo sikuwa na hakika kwamba alilitamka.

Nilimwambia mzee nitaendelea mwenyewe. Akasema sawa, akarudi kwenye kazi zake.

Mwenzake wa jikoni alikuja siku ya kusikilizwa, kutoka Kwala, amevaa vizuri na amejifukiza udi. Alinivuta pembeni kwenye baraza la mahakama.

"Niambie niseme nini, wakili. Nitasema hivyo hivyo."

Nikamwambia aseme anachokumbuka.

"Nakumbuka alivyotuumiza," alisema. "Maneno nimeyachanganya."

Nilikuwa na uwezo wa kumpa sentensi moja. Angeishika vizuri, alikuwa mtu mwerevu. Sentensi moja tu, aiseme mara mbili bila kuyumba, na huenda tungeshinda. Nikamwambia aseme kweli, kama amesahau aseme amesahau. Alinitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa glasi tupu. Najua nilifanya sawa, lakini kujua huko hakujanifariji hata siku moja.

Mashahidi wangu wa kwanza walitoa ushahidi safi kuliko wote niliowahi kuwaongoza. Mfugaji alisimama na shuka lake jipya, akamweleza ng'ombe kuanzia pembe mpaka kwato, mpaka hakimu akatabasamu. Wakili wa Dar es Salaam, mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alinyanyuka nusu.

"Sina swali kwa shahidi huyu, mheshimiwa."

Akaja dereva na kibali chake. Wakili hakuwa na swali. Akaja mzee mchinjaji, akaapa, akaeleza alivyomlaza ng'ombe na alivyomwelekeza kibla. Wakili hakuwa na swali. Hapo ndipo nilipoelewa. Wakili huacha kuuliza pale tu ambapo shahidi hajamgusa, na mashahidi wangu watatu walikuwa wamepita mbele yake bila kumgusa. Safari zangu zote za Dutumi zilikuwa zimejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Kwenye jibu lake, mwenyekiti hakusema popote kwamba ng'ombe alikuwa amekufa. Alisema tu kwamba yeye hakusema.

Kisha akapanda mwenzake wa jikoni. Nilimwongoza, akaeleza kuhusu kundi, kuhusu sauti, kuhusu simu kutumbukia kwenye beseni. Akaeleza vizuri. Wakili akavaa miwani yake, akasimama wima kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mama, maneno yenyewe yalikuwa yapi? Siulizi maana yake. Maneno."

"Alisema tumelishwa kibudu."

"Alisema hivyo hivyo? Tumelishwa kibudu?"

"Alisema tujihadhari na nyama."

"Basi alisema tujihadhari na nyama."

"Alisema Mungu ndiye anayejua yule ng'ombe alifikaje."

Wakili aliuliza taratibu. Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali.

"Katika hayo matatu, mama, lipi ndilo alilosema?"

Shahidi wangu alinigeukia mimi. Sikuruhusiwa kumsaidia hata kwa macho, kwa hiyo niliinama nikatazama karatasi zangu, na nilipoinua kichwa alikuwa bado ananitazama.

Mwenyekiti alipojitetea alisema alituma sauti ya kuwakumbusha wanawake wenzake wawe waangalifu na vyakula vya shughuli, na muda umepita, hakumbuki kila neno. Nilimhoji karibu saa nzima. Alinijibu kwa adabu, akiniita wakili, na hakuna nilichokipata.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Hakimu alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, na aliandika Kiswahili kinachoeleweka. Alisema mahakama haina sababu yoyote ya kuamini kwamba ng'ombe wa maulidi alikuwa amekufa kabla ya kuchinjwa. Ushahidi wa upande wa mdai juu ya hilo ni mzito na haukupingwa. Lakini lililoletwa mbele yake halikuwa shauri la ng'ombe. Mdai alitakiwa kuonyesha maneno, kwamba yametoka kwa mdaiwa, na kwamba yalifika kwa watu wengine na kumshusha heshima. Sauti haikuletwa. Maandishi hayakuletwa. Shahidi pekee wa maneno alitoa matamko matatu yasiyofanana, na hakuna kati yake linalolingana kikamilifu na hati ya madai. Alisema pia kwamba wakili wa mdai, kwa maelezo yake mwenyewe, alijua mapema kuwapo kwa sauti hiyo. Hakuongeza neno. Shauri likatupwa.

Nilitafuta mahali pa kumkasirikia yule hakimu nikakosa. Hakuacha ushahidi, hakupindisha sheria, hakunidharau. Ningekuwa kwenye kiti chake ningeandika hivyo hivyo. Hasira yote ikabaki kwangu, haina pa kwenda safari hii, hata Dutumi.

Nje, mteja wangu aliniuliza kama mahakama imesema alipika kibudu. Nikamwambia hapana, imesema hukupika. Imesema tu hatukuthibitisha kwamba mwenyekiti ndiye aliyekusema.

"Watu watajuaje tofauti?" aliuliza.

Hawakuijua. Kabla ya Ijumaa mtaa ulikuwa unasema kwamba alikwenda mpaka mahakamani na mahakama nayo imemkataa. Aliyekuwa na shaka kidogo sasa hakuwa nayo. Hayo niliyasikia kwa mwenzake wa jikoni, kwa simu. Mteja wangu mwenyewe hakunilalamikia hata mara moja.

Niliandaa sababu za rufaa. Nilizipanga vizuri, kurasa sita, nikamwita Kibaha nimweleze. Alikuja, akavua kandambili mlangoni, akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Rufaa ni ya kwako, mwanangu," alisema. "Mimi nataka wasikie hilo la ng'ombe."

Sikuelewa. Akaeleza kwamba hakimu ameandika kuwa ng'ombe alikuwa mzima. Basi niende nikawasomee akina mama wa kikundi mahali hapo tu, kwa mdomo wangu, kwa kuwa wakimsikia yeye watasema ametunga. Nilitaka kumwambia hiyo si kazi ya wakili. Nikakumbuka kazi ya wakili nilivyoifanya, nikakubali.

Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyetoa ruhusa. Ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri, kwenye baraza la madrasa, akina mama wamekaa kwenye mikeka. Nilipewa kiti, nikakikataa, nikakaa chini kama wao. Niliisoma ile sehemu ya hukumu mara mbili, polepole. Mtoto mmoja alilia, mama yake akamnyonyesha.

Kisha mwenyekiti akazungumza. Ilikuwa ile ile sauti ya kwenye simu, tulivu, haina hasira.

"Mimi sikusema kibudu," alisema. "Siku ile nilisema hivi: sote tulimwona yule ng'ombe amelala, basi kila aliyekula ajiulize amekula nini. Neno kibudu wamelitia wenyewe."

Wanawake wakaitikia. Ndivyo, wakasema, ndivyo ulivyosema, hakika. Mmoja akaongeza na ile dua ya mwanzo. Yule aliyeshindwa kuiona sauti kwenye simu yake mbele yangu alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Thelathini na kitu, wote kwa pamoja, mchana kweupe, walikuwa wananipa maneno yenyewe, na msemaji wake amekaa hatua tano kutoka kwangu anayakiri.

Nilichukua kalamu nikayaandika nyuma ya nakala ya hukumu, herufi kwa herufi. Maneno yale, kama ningeyapata mapema na kuyaandika yalivyo kwenye hati ya madai, kisha nikaeleza mahakama watu waliyaelewaje, yalikuwa yanatosha kusimamisha shauri. Mtu anaweza kuchafuliwa kwa kuulizwa tu kama anavyochafuliwa kwa kutajwa. Yalikuwa yamekaa ndani ya simu, mezani kwangu, na feni nilikuwa nimeizima ili niyasikie vizuri. Nikaenda kuandika neno langu mwenyewe.

Mteja wangu alikuwa amekaa nyuma, karibu na nguzo. Hakusimama.

"Na wewe ulijiuliza?" alimwuliza mwenyekiti.

"Nilijiuliza."

"Ulikuja kuniuliza mimi?"

Mwenyekiti akaweka sawa mtandio wake. Kisha akasema muda wa dua umefika, akaomba dua, na watu wakaanza kukunja mikeka. Wanawake wawili walipita wakampa mkono mteja wangu. Wengine walimpita kwa salamu. Hakuna aliyeomba radhi, na sidhani kama alikuwa ameitegemea.

Nilirudi kwa njia ya Kiluvya, nyuma ya lori la mchanga, na njia nzima nilikuwa natunga maombi kichwani: mapitio, ushahidi mpya, muda wa nyongeza. Kesho yake nilimwonyesha mzee wa ofisini yale maandishi yangu. Akayasoma, akanirudishia. Akasema shauri likiisha limeisha, na kwamba kilichosemwa barazani ni mtu kukana kashfa, si kuitoa. Nilijua. Nilitaka tu mtu mwingine aone kwamba maneno yalikuwepo.

Mteja wangu hakurudia kupika shughuli Kisarawe kama zamani. Alisubiri miezi mingine miwili, akaitwa hitima moja ndogo ya ndugu yake, basi. Kisha akapakia masufuria yake yote saba kwenye gari la kukodi, akamfuata mwenzake Kwala. Wanapikia vibarua na madereva wa malori. Alinipigia siku ya Idi kunipa mkono wa sikukuu, akaniambia watu wa kule wametoka kila mkoa, na anachoulizwa ni kama chakula kimeiva. Aliniambia niende nikale, atanipikia pilau. Nikasema nitakwenda.

Sijaenda. Kutoka Kongowe si mbali, na kazi zinanipitisha Mlandizi, kwenye njia ya kwenda Kwala, karibu kila wiki. Lakini najua atanipakulia mimi kwanza, kabla ya wateja wake, na atasimama pembeni kuangalia kama ninakula. Mpaka leo sijui nitakula vipi.